Neno Lililokataa Kung'oka

Jino la Mwalimu lilikuwa limemtesa hadi akawa anachukia hata sauti ya mkewe akitafuna. Asubuhi hiyo akajikokota mpaka kliniki ya meno ya mtaani kwao. Iliendeshwa na kaka na dada, wote wawili wanafunzi wake wa zamani wa Kiingereza: kaka ndiye daktari, dada ndiye msaidizi wake.

"Shikamoo, Mwalimu," walimwamkia mlangoni kwa pamoja, kama darasani.

Akalazwa kitini, akachomwa sindano ya ganzi, na kabla hajajua ulimi wake umekwenda wapi, daktari akamtuliza: "Usiwe na wasiwasi. Irregardless jino limeoza kiasi gani, hutasikia kitu."

Mwalimu alisikia. Si jino, neno. Miaka yote aliyoshika chaki, hilo ndilo lililompandisha presha kuliko watoro wote wa shule.

"Kaka, hilo si neno," dada alisema, akimwekea mgonjwa mrija wa kunyonya mate. "Ni regardless, yaani 'bila kujali', basi. Hiyo 'less' peke yake ni 'bila'. Ukiongeza 'ir' mbele umesema bila mara mbili."

"Na timu zikitoka bila bila, mbona hulalamiki?"

"Mpira na sarufi wapi na wapi!"

"Nalisema kila siku na kila mtu ananielewa. Neno likishaeleweka linataka nini tena? Pasipoti?"

"Haya, muulize Mwalimu."

Wote wawili wakamwinamia. Mwalimu akakusanya mamlaka yake yote, akatamka kwa kishindo: "Hi heho!"

"Umesikia? Kasema ni neno."

"Kasema si neno!"

"Hi heho! Hi heho!" Mwalimu alipaza sauti, mikono ikipunga hewani.

"Maskini, anaumia," alisema daktari, akamwongezea sindano.

Kelele zikawavuta watu kutoka chumba cha kusubiria. Mama mmoja mwenye shavu lililovimba alisimama mlangoni akasema bosi wake hulitumia neno hilo kila mkutano, na bosi ana magari mawili. Fundi bomba aliyekuja kuziba jino akamwambia magari si ushahidi. Mama akamuuliza yeye ana mangapi. Mambo yalipoanza kuwa moto, daktari akaona bora wapige kura.

"Wanaosema ni neno, mikono juu!"

Mwalimu akanyoosha mkono kupinga utaratibu mzima. Akahesabiwa. Neno likashinda kwa kura moja, na kura hiyo ilikuwa yake.

Hasira zilimjaa kiasi kwamba jino liling'olewa asijue. Akapewa pamba aing'ate, akaambiwa asiongee hadi damu ikauke.

Nyumbani hakusalimia mtu. Alishusha kamusi yake nene ya Kiingereza kutoka kabatini, akaibwaga mezani mbele ya mkewe, akamwandikia lile neno kwenye karatasi amtafutie. Mkewe akavaa miwani, akapekua.

"Limo," alisema.

Mwalimu akatema pamba. "Limo wapi?"

"Hapa hapa. Ila wameandika si sanifu."

Akalisoma mwenyewe. Akaipeleka kamusi dirishani penye mwanga akalisoma tena, kana kwamba neno lingeona haya na kuondoka. Halikuondoka.

"Kwamba limo haina maana limekaribishwa," alisema mwishowe, maneno yakimtoka upande mmoja wa mdomo. "Hata panya wamo humu ndani. Nani kawaalika?"

"Usiniambie mimi, mume wangu. Kawaambie hao waliokukera."

Akarudi kliniki mbio mbio, ndara miguuni. Akasimama katikati ya chumba cha kusubiria, akaita kaka na dada, akatoa hukumu yake yote: kamusi, dirisha, panya.

"Kwa hiyo limo!" daktari alishangilia.

"Kwa hiyo ni panya!" dada naye alishangilia.

Kila mmoja akampa mkono, akimshukuru kwa kusimama upande wake. Fundi bomba akapiga makofi, ingawa hakuwa na uhakika anampigia nani. Mwalimu akafungua kinywa awaeleweshe vizuri, na daktari akachungulia humo ndani.

"Mwalimu! Pamba iko wapi?"

Akachukua nyingine kubwa zaidi, akamwekea, akaibana kwa kidole chake mwenyewe.

"Heho…" alianza Mwalimu.

"Tumeelewa, Mwalimu," walijibu wote wawili.