Mama Hana Kundi

Mimi ni dobi, na kwa dobi kuna aibu moja kubwa kuliko kuunguza shati la mteja: kumwacha mtu wa nyumbani kwako atoke mlangoni na mikunjo. Kwa hiyo asubuhi niliyompeleka mama kliniki mara ya kwanza, nilimpigia pasi gauni lake la kijivu mbele na nyuma, nikatia wanga kwenye kola, nikamsuka nywele, nikampaka mafuta mikononi. Alipendeza. Hapo ndipo nilipojiharibia mwenyewe.

Mama ana miaka sabini na miwili. Tangu baba afariki, miezi saba sasa, amekuwa akituondokea kidogo kidogo huku amekaa palepale. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii. Zamani hakuna shati lililotoka kwenye chumba chetu cha kufulia bila yeye kupitisha kidole gumba kwenye kola, na akikuta doa utajuta kuzaliwa. Sasa anakaa kwenye kiti karibu na meza ya pasi, mikono mapajani, anatazama ukuta. Sahani yake inarudi jikoni kama ilivyotoka. Siku moja alisema, bila kugeuza uso, "Mwanangu, nimechoka kuwapo." Kikapu cha nguo safi kiliniponyoka, nguo zikamwagika sakafuni, na sikuinama kuziokota.

Nikaulizia. Nikaambiwa hospitali yetu imefungua kliniki ya afya ya akili, huduma kwa wote. Na kweli, maneno hayo, huduma kwa wote, yamepakwa rangi ukutani kwa herufi zinazomzidi mtu urefu.

Dirishani alikuwa nesi mmoja aliyechomeka kalamu kwenye nywele, nami nitamwita Bi Kalamu kwa kuwa jina lake hakututajia. Kadi zake alizipanga kwa rangi. Kijani za vijana, njano za kina mama waliojifungua, bluu za wanaotaka kuacha pombe. Alimtazama mama kuanzia kola hadi viatu, kisha akanigeukia mimi.

"Ana shida gani?"

"Hali, halali, hasemi. Tangu baba afariki."

"Anavaa mwenyewe?"

Nikasema ndiyo, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu sikutaka mtu amfanye mama yangu mtoto mchanga.

"Mbona anaonekana vizuri tu," akasema. "Huo ni uzee, dada. Halafu wazee hawana kundi hapa. Mradi wa kliniki hii una makundi matatu. Mpeleke dirisha la presha, kule mwisho, ukishapita la macho."

Hatukulipita la macho. Tulikosea foleni, tukakaa saa mbili, na mama akatoka na kichupa cha dawa ya matone. Mtu amekwenda na majonzi, amerudi na dawa ya macho. Nilicheka njia nzima, kicheko cha hasira. Mama hakucheka.

Wiki tatu zikapita na gauni likazidi kumpwaya. Fundi viatu wa jirani yetu, mtu ambaye ushauri wake huna haja ya kuuomba, akaniita kando.

"Dada, kosa lako ni pasi," akasema. "Wale wanapima kwa macho. Mpeleke mama nywele timutimu, gauni kaligeuza ndani nje, kiatu kimoja. Sema anawarushia watu mawe. Utaona daktari anavyokuja mbio."

"Mama yangu hajawahi kumrushia mtu hata neno."

"Sasa hiyo ndiyo shida yenu."

Nilimtukana kimoyomoyo, kisha nikamsikiliza. Ukimwona mama yako anayeyuka mbele ya macho yako, akili ya fundi viatu nayo ni akili. Kesho yake nikalitoa gauni la kijivu kwenye hanga, nikalifinyangafinyanga mikononi, halafu nikalikalia. Miaka ishirini na miwili ya kazi sijawahi kuikalia nguo. Nilipoinua kichwa nikakuta mama ameacha kutazama ukuta, ananitazama mimi.

"Unafanya nini?"

Nikamweleza. Maneno yalitoka sawasawa hadi nilipofika kwenye mawe, hapo ulimi ukawa mzito.

Mama akainuka, akanyoosha mkono. "Lete."

Akalitandaza gauni mezani, akalinyunyizia maji, akaigusa pasi kwa ncha ya kidole chenye maji kusikia kama imepata moto. Akaanza na kola. Kila baada ya mkunjo alisimama kuvuta pumzi, kwa hiyo ilimchukua karibu saa nzima. Sikuthubutu kumsaidia.

"Ugonjwa ninao," akasema, "lakini uchafu sina. Kama hawajui kumwona mgonjwa msafi, watajifunzia kwangu."

Tangu msiba sikuwa nimemsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mpigo. Nilitaka kumkumbatia, nikaogopa kumkunja gauni.

Tulipofika dirishani, Bi Kalamu alitukumbuka. Alipotuona tu alishusha pumzi. "Dada, si nilikueleza? Presha ni kule mwisho."

Mimi nilikuwa nimekuja kukinukisha. Njia nzima nilikuwa nikipanga nitakavyompasha, na nilishafungua mdomo. Mama akanishika mkono, akausogeza pembeni, akakaa kwenye kiti cha mbele ya dirisha.

"Niulize mimi," akasema.

Bi Kalamu akanitazama mimi.

"Huyo ni mwanangu. Mgonjwa ni mimi. Niulize mimi."

"Haya, bibi. Unaumwa nini?"

"Nataka kufa," mama akasema, kwa sauti ileile anayomwambia mteja kwamba suruali yake haijakauka. "Na usiniambie ni uzee. Uzee ninao miaka mingi na nilikuwa nakula vizuri tu. Nataka kufa tangu mume wangu alipokufa, na leo nataka kuliko jana. Ila kuna sehemu ndogo ndani yangu bado haitaki. Hiyo ndiyo niliyoileta hapa. Andika."

 Nikaegemea ukuta. Nililala chumba kimoja na mama, nilimpikia, nilimsuka, nilimjibia maswali yake yote kwenye dirisha hilohilo, na kwa miezi saba sikuwahi kumuuliza lolote. Niliogopa jibu. Nesi angalau alikuwa na kisingizio cha makundi.

"Bibi, pole," Bi Kalamu akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Lakini si mimi niliyepanga hizi rangi. Nikikuandika pasipo pako wakubwa watanirudishia kadi."

"Hiyo ya njano ni ya nani?"

"Ya waliojifungua."

"Nimejifungua watoto wanne. Hapo mmeandika iwe mwaka gani?"

Mtu nyuma akaangua kicheko. Msichana mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema yeye atangoja, bibi atangulie. Bi Kalamu akamwita mlinzi, nadhani kwa mazoea tu. Mlinzi akaja amekunja uso, akamwona mama alivyokaa wima ndani ya gauni lake, uso ukamkunjuka. Akasema, "Shikamoo mama," akaenda kusimama kule kwenye ngazi, akaanza kukagua ngazi.

"Siondoki," mama akamwambia Bi Kalamu. "Mkifunga, mtafunga na mimi ndani."

Bi Kalamu aliutazama mlango wa daktari, akatazama kadi. Akachomoa kalamu kichwani na kuvuta ya njano.

"Tarehe ya kujifungua?"

Mama akataja siku niliyozaliwa mimi kitindamimba wake, miaka arobaini na mitatu iliyopita. Bi Kalamu akaiandika yote, siku, mwezi na mwaka, bila kupepesa jicho. Kuanzia siku hiyo nikamsamehe mambo mengi.

Daktari alitaka niingie naye. Mama akasema, "Huyu angoje nje," na mlango ukafungwa usoni pangu. Nilikaa pale kwa zaidi ya saa moja, nimekasirika, nimefurahi, sijui mikono yangu niiweke wapi. Alipotoka macho yalikuwa mekundu na ameshika karatasi. Niliponyoosha mkono kuichukua akaikunja na kuitia kwenye mkoba wake.

"Narudi Alhamisi. Kuna dawa, na kuna kuzungumza."

"Amesema nini?"

"Amesikiliza. Halafu akaniuliza naishi na nani, nikamweleza habari zako."

"Habari zangu zipi?"

"Kwamba tangu baba yako afe hujatoa chozi hata moja. Unafua tu. Unachukua nguo ulizofua jana na kuzifua tena, unadhani sioni kwa kuwa natazama ukuta. Kwani yule mzee alikuwa wangu peke yangu?"

Nikamwambia nina mashati kumi na manne ya watu yananisubiri, na leo ni siku ya kuyapeleka.  Mama alinishika mkono, mimi niliyekuja kumleta, akanivuta hadi dirishani na kunikalisha kwenye kile kiti.

Bi Kalamu alitutazama, akajishika kichwa. "Na huyu naye ni kundi gani?"

Kijana si mimi, sijazaa, na pombe sijui hata ladha yake. Nilifungua mdomo niseme samahani, tunaondoka.

"Baba yangu amekufa," nikasema. Nilisikia sauti yangu ikivunjika, na machozi yakaanza kunitoka mbele ya foleni nzima, na sikusogea pale dirishani.