Tangazo la Mama Wino

Walimwita Mama Wino kwa sababu kucha zake hazikuwahi kutakata. Alikuwa na kiwanda kidogo cha uchapaji nyuma ya soko: chumba cha mashine, chumba cha kukatia karatasi, na kibaraza ambapo wateja walingojea kadi zao za harusi na vitabu vyao vya risiti. Alianza na mashine ya kukanyaga kwa mguu. Baadaye akakopa benki akanunua mashine kubwa ya rangi, ambayo haikupita mlangoni mpaka ukuta ulipobomolewa.

Kilichomwangusha ni uchaguzi. Mgombea mmoja mwenye tabasamu pana alitaka mabango na vipeperushi kwa mkopo. "Nikishinda nakulipa, nikishindwa nakulipa," alisema. Alishindwa, akala kona. Mabango yakabaki kwenye kuta za mji mzima, na kila Mama Wino alipopita aliona lile tabasamu limemwelekea yeye.

Kuanzia hapo akawa anachimba shimo ili afukie shimo. Alichukua karatasi kwa mkopo ili kazi ziendelee, mapato yakaenda benki, kisha akakopa kwa Asali ili amlipe mwuza karatasi. Asali ndilo jina walilompa mkopeshaji wa mtaani, maana maneno yake yalikuwa matamu siku ya kukupa na siku ya kukudai pia, ila siku ya kukudai alikuja na vijana wawili wasioongea. Riba yake ilizaana kama sungura. Mama Wino akaanza kuingia kazini kwa mlango wa nyuma, mlango wa mbele umefungwa kwa ndani.

Wafanyakazi wake hawakuwa wamepata mshahara kwa miezi. Hawakugoma. Walikuja tu, wakafagia, wakakaa kungojea kazi, na huko kungojea kwao ndiko kulikomuuma kuliko vijana wa Asali.

Jumapili moja kaka yake, mwalimu wa hesabu, alimwita nyumbani kwa mama yao. Alikuwa na mpango.

"Tuweke hati ya nyumba ya mama benki," alisema. "Tuchukue mkopo mmoja mkubwa, tuwafunge wote midomo. Ubaki na deni moja tu."

Mama yao alikuwa ameshaitoa hati sandukuni. Aliiweka mapajani mwa binti yake, akaikandamiza kwa kiganja kama anayempa mtoto chakula asichotaka. "Chukua, mwanangu. Kuliko nikuone unakonda hivi."

Mama Wino nusura akubali. Mkono wake ulikuwa tayari juu ya karatasi ile. Lakini alitazama dirisha ambalo mama alilipaka rangi mwenyewe mwaka uliopita, uzee wote huo juu ya ngazi, akasema, "Nipeni siku mbili tatu."

Kesho yake alikwenda kwa wakili mmoja, mteja wake wa bahasha. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hakuanza kwa pole.

"Kazi zote ulizo nazo sasa zikilipwa, zitatosha riba?"

"Hazitoshi."

"Na mwakani?"

Mama Wino alitikisa kichwa.

"Basi nyumba ya mama haitalipa deni," wakili alisema. "Itakununulia muda, halafu nayo itakwenda. Kuna njia nyingine. Uiombe mahakama ikutangaze muflisi."

Neno hilo lilimpiga kama kofi. Wakili hakulilainisha. Alimwambia mashine kubwa itachukuliwa na benki kwa kuwa ndiyo dhamana, na gari litauzwa na mfilisi, msimamizi wa mali atakayewekwa na mahakama. Jina lake litatoka gazetini. Mpaka mahakama imfungue, yaani imwondolee ufilisi huo, hataweza kuongoza kampuni, wala kukopa bila kusema kwanza kwamba ni muflisi.

"Na si njia ya kila mtu," aliongeza. "Ungekuwa na kipato cha kulipa taratibu, ningekutuma ukazungumze na wadai wako. Ungekuwa umeficha mali, ningekufukuza hapa. Wewe huna hiki wala kile."

"Nitabaki na nini?"

"Nguo zako, kitanda chako, na vifaa vya kazi ya mikono yako. Ile ya kukanyaga hakuna atakayekunyang'anya."

"Na wafanyakazi wangu?"

"Sheria inawatanguliza. Kitakachopatikana kwenye mali yako, mishahara inatoka kwanza, kabla ya mwuza karatasi, kabla ya huyo Asali wako."

Mama Wino alisogeza kiti mbele. "Rudia hapo."

"Kabla ya Asali."

Alitoka mle akitembea kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana.

Kaka yake hakupendezwa hata kidogo. "Muflisi!" alifoka, mama yao akiwa amekaa kati yao. "Katika ukoo wetu hajawahi kuitwa mtu hivyo. Mimi nitaingiaje darasani?"

"Kwa miguu yako, kaka, kama siku zote. Lakini wewe ni mwalimu wa hesabu. Nifanyie hii."

Akamtajia mapato ya kiwanda, madeni, riba ya benki, riba ya Asali. Kaka alitoa kalamu kwa hasira, akaandika haraka haraka. Kisha akaandika polepole. Akakata, akaanza upya. Mwishowe akaweka kalamu chini.

"Haifiki," alisema kwa sauti ndogo.

"Hata tukiiweka nyumba?"

"Hata tukiiweka nyumba."

Mama Wino akaichukua hati, akairudisha mapajani mwa mama yake. "Irudishe sandukuni, mama. Nimefilisika mimi, hukufilisika wewe."

Mama alilia kidogo, kisha akainuka kwenda kuifungia.

Ombi lilipopelekwa mahakamani, wakili alimweleza kwamba tangazo litatoka gazetini, kurasa za nyuma, kwa herufi ndogo. Mama Wino alijua mambo ya herufi ndogo. Watu wangelisoma kwa kunong'onezana, na kila mmoja angeongeza chumvi yake. Alikusanya wafanyakazi, akawaambia yote, hata lile la mashine. Fundi wa mashine, mtu mzima mwenye ndevu, aliinamisha kichwa.

"Tuna kazi moja ya mwisho hapa," Mama Wino alimwambia. "Nipangie herufi kubwa kuliko zote tulizo nazo."

Walichapa bango moja tu. Lilisema: MIMI MWENYE KIWANDA HIKI NIMEFILISIKA. NIMEKWENDA MAHAKAMANI KWA HIARI YANGU. ANAYENIDAI AMWONE MFILISI. NINAYEMDAI ANAJIJUA.

Aliupaka gundi mlango wa mbele kwa mkono wake, akalibandika bango, akalipapasa lisibaki na mkunjo. Kisha akaufungua mlango huo wazi, akakaa kibarazani.

Watu walijaa. Mwuza mboga wa jirani alisoma kwa sauti, kidole hewani. "Heh! Mama Wino kafilisika!"

"Ndiyo, mwenzangu. Na umeona herufi zilivyonyooka?"

Kicheko kililipuka, naye akacheka pamoja nao mpaka kifua kikamuuma.

Asali alifika mchana na vijana wake. Alisoma bango, akasoma tena. "Mama yangu," alisema, akitabasamu upande mmoja, "haya si yalikuwa mambo yetu wawili?"

"Yalikuwa. Sasa ni ya wote. Mkutano wa wadai ni Alhamisi. Njoo na karatasi zako."

Alhamisi alikuja kweli, amevaa koti. Mfilisi aliyewekwa na mahakama alikuwa mzee mpole mwenye miwani mizito, na alimsikiliza kila mdai kwa heshima ileile. Ilipofika zamu ya Asali alimwomba mkataba, halafu leseni ya kukopesha.

"Leseni iko kwenye gari," Asali alisema.

"Kailete, ndugu yangu. Tunakusubiri."

Akatoka. Walimsubiri. Mfilisi alifuta miwani yake, akaivaa, akachungulia dirishani. "Mbona gari limeondoka?" aliuliza. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata kijana wa benki aliyekuwa amekaza uso tangu asubuhi.

Mwuza karatasi ndiye hakucheka. Alisimama, akamgeukia Mama Wino. "Mimi nimekula hasara, na sitasema sijaumia. Lakini hukunikimbia. Ukianza tena nitakuuzia. Taslimu tu."

"Taslimu tu," alijibu, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Ukuta ulibomolewa tena, mashine kubwa ikaondoka. Gari liliuzwa, akiba ya karatasi ikauzwa, na siku wafanyakazi walipopokea mishahara yao yote ya nyuma, fundi mwenye ndevu alimshika mkono akashindwa kuuachia. Mwuza karatasi alipata sehemu tu ya haki yake, na Mama Wino hakujidanganya kwamba ameridhika. Yeye alibaki na mashine ya kukanyaga. Alichapa lebo za chupa, tikiti, kadi, na kila mteja alitoa pesa kwanza, hata kaka yake alipotaka mitihani ya darasa lake. "Kwangu pia?" kaka alilalamika. "Kwako hasa," alisema. Fundi alirudi, kisha wakarudi wengine wawili. Hakuna aliyengojea mshahara tena. Mlango wa nyuma aliuwekea kabati.

Siku ya kufunguliwa na mahakama ilipofika, hakimu alisoma amri kwa dakika chache, kwa sauti ya mtu mwenye kesi nyingi. Hakuna pingamizi. Mwombaji ametoa ushirikiano wote. Mwombaji si muflisi tena kuanzia leo. Akafunga jalada.

Walipofika kwenye korido, mama yake alisimama, akavuta pumzi, akapiga vigelegele vilivyogonga dari ya mahakama na kurudi. Milango ikafunguliwa, makarani wakachungulia. Askari wa zamu akaja mbio.

"Bibi, hapa si harusini!"

"Harusi nimekwenda nyingi, mwanangu," mama alimjibu. "Hakuna hata moja iliyonifurahisha hivi." Akavuta pumzi nyingine.

Askari alitazama huku na huku, akawapa mgongo, akajitia anasoma ubao wa matangazo mpaka bibi alipomaliza. Kaka mtu, mwalimu mzima, alikuwa anapiga makofi. Mama Wino akamshika mama yake mkono, wakashuka ngazi hadi juani, kwa sababu kiwandani kulikuwa na kazi ya mtu ya kumaliza kabla ya saa kumi.