Majani ya Mlonge kwa Kuku wa Evelina

Kuku kumi na mmoja wa marehemu Evelina walikuwa wameacha kutaga tangu mwaka mpya, na Nkwabi alijua kuwa Jumamosi ya mwisho ya Machi ikiwakuta hivyo hivyo, mchuuzi wa kuku, Mashimba, atavuka ziwa kutoka Kamanga na matenga yake, awabebe wote wakachinjwe. Neno Nkwabi alishalitoa mwenyewe. Pumba ilikuwa inaisha, na mkewe hakumwachia kitu kingine chenye uhai.

Ukimuuliza Nkwabi, walioharibu ni wakubwa. Zamani dagaa waliovunjika hawakuwa na mwenyewe pale mwaloni, samaki wanaposhushwa. Unajizolea, unawapa kuku. Lilipotangazwa soko huria wakaja watu na malori, wakanunua mpaka vumbi la dagaa. Bwana mifugo wa kata naye wakampunguza kazini, sasa anauza mitumba stendi ya Buzuruga. Ndiye aliyemwambia Nkwabi, huku akikunja suruali, kwamba aachane na dagaa: achume majani ya mlonge, ayakaushe, ayatwange, achanganye na pumba. Kuku watapata afya, watataga, na kiini kitakuwa cha njano. Mteja akaita, maongezi yakaishia hapo.

Nkwabi akafanya kama alivyomwona Evelina akiandaa nsansa miaka yote, ile mboga ya kunde ya kuweka akiba. Akayachemsha majani, akayakamua, maji akayamwaga, kisha akayaanika juani, juu ya mwamba nyuma ya nyumba. Yakatoka rangi ya kahawia. Akawalisha wiki mbili. Kila alfajiri alipapasa viota vyote, akarudia hata vile alivyokwisha kupapasa, kama mwizi. Nyasi tupu. Vilemba vyao vya kichwani vilizidi kupauka, na mmoja akaanza kuburuza mabawa.

Zilibaki wiki mbili. Jirani yake Bernadetta, Mhaya mwenye ulimi wake, mwalimu wa chekechea ya Walutheri, alikuja kuazima jembe akaukuta ule unga kwenye bakuli. Akaunusa.

"Baba Odeta, hiki ni chakula cha kuku au ugoro?"

"Mlonge huo. Niliuchemsha vizuri."

"Uliuchemsha." Bernadetta akakaa juu ya ndoo. "Na mchuzi ulimpa nani?"

"Niliumwaga."

"Basi ngoja uwanja wako utage."

Alipomaliza kucheka akamweleza. Hayachemshwi. Yanakaushwa kivulini, ndani, yakigeuzwa-geuzwa mpaka yakauke yakiwa bado kijani. Jua linakula nguvu yote. Nkwabi akawaka. Mtu wa serikali, alisema, hata akifukuzwa kazi anakupa nusu ya neno, nusu anabaki nayo. Bernadetta akamuuliza kama yeye alimuuliza hiyo nusu nyingine. Nkwabi akampa jembe.

Akayatandaza majani mapya kwenye mkeka, pale chumbani alipokuwa akilala Evelina. Siku ya nne akaanza kuwalisha, safari hii unga wa kijani kibichi. Yule wa kuburuza mabawa akasimama. Vilemba vikaanza kupata wekundu kidogo, au labda macho yake yalitaka kuona wekundu. Alivitazama mara nyingi mno kiasi cha kutojiamini. Mayai, hakuna.

Jumamosi asubuhi Mashimba akafika na baiskeli. Nkwabi alipapasa viota mara ya mwisho, kisha akaanza kuwatoa mwenyewe, haraka haraka, kama anayeng'oa jino. Wawili wa kwanza aliwakamata kwa mabawa, wakafungwa miguu, wakaingia tengani. Wa tatu alikuwa mkali, ikabidi amkumbatie kwa tumboni. Vidole vyake vikakuta kitu kigumu, cha mviringo.

"Leta basi, mzee," Mashimba akasema.

"Huyu ana yai."

"Wanasemaga hivyo wote."

"Mshike."

Mashimba akabonyeza taratibu, akamrudisha. Nkwabi akafunga mlango wa banda, akamwomba amrudishie na wale wawili.

"Hao nimeshawafunga. Umenivusha maji, mzee, siwezi kurudi na tenga tupu."

Alikuwa na haki, na Nkwabi alilijua hilo. Akasimama na kuku wake kifuani, akatazama tenga likikazwa kamba nyuma ya baiskeli, akijitahidi kukumbuka kama matumbo ya wale wawili yalikuwa mazito. Hakuweza kukumbuka. Hakuyagusa.