Wimbo wa Mwavuli Hauna Mwenyewe

Hapajapata kuzaliwa mtu anayependa kukosolewa kama Mwangwi. Hayo si maneno yetu, ni yake mwenyewe, na aliyasema akiwa amesimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, mbele ya watu waliokuwa bado wanatafuta pa kukaa.

"Mimi niambieni ukweli hata kama una miiba," alisema. "Mtu akiniambia wimbo wako mbovu, namshika mkono nasema asante. Hii si ngozi, hii ni turubai."

"Maturubai huwa yanavuja," alisema Fundi Bomba bila kuinua kichwa. Alikuwa anakaza ngoma yake kwa bisibisi ileile anayofungulia masinki ya watu siku za kazi.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya saluni. Saluni ilikuwa ya mke wa Besi, yule bwana mnene mpole anayepiga gitaa la besi, na bendi iliruhusiwa kukaa humo Jumapili mchana kwa sharti moja tu, wasiguse mafuta ya nywele. Kati yao na wateja palikuwa na pazia lenye maua, basi. Watu walikalia makasha ya shampuu, na aliyechelewa alikalia kiti kibovu cha kuoshea vichwa, ambacho humlaza mtu chali bila kumwomba ruhusa.

Siku za kazi Mwangwi alikuwa dobi, anapiga pasi mashati ya watu wenye ofisi. Kwenye bendi alikuwa mwitikiaji, na jina alilipatia hapo. Mwimbaji akisema "nimekuchoka", yeye huku nyuma "choka". Mwimbaji akisema "usirudi tena", yeye "tena". Alikuwa ameishi hivyo muda mrefu, akila mikia ya maneno ya mtu mwingine, hadi mwimbaji wao alipooa akahamia kwa wakweze. Sasa maikrofoni ya mbele ilikuwa wazi, na Mwangwi aliiangalia kama paka anavyoangalia mlango wa jiko.

Utaratibu ulikuwa umeshatangazwa na Mwalimu. Huyu alikuwa mama wa makamo, anafundisha hesabu shule ya msingi, anapiga kinanda, na alikuwa kiongozi wa bendi kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba siye. Kila mtu ajirekodie wimbo nyumbani kwake, kwa simu yake, autie kwenye kadi ya memori, kadi aitumbukize kwenye kopo la poda bila jina. Wimbo utakaoshinda, bendi itaupiga Jumamosi kwenye harusi, na mwenye wimbo ndiye atakayesimama mbele.

Mambo ya kuficha majina hayakuanza bure. Zamani walikuwa wanasikilizana kwa majina, mpaka siku mtu mmoja alipomwambia mpiga ngoma wa wakati huo kwamba wimbo wake unafaa kufukuzia ndege shambani. Mpiga ngoma aliondoka, na ngoma zikaondoka naye. Tangu hapo kadi hazina majina, na kila aliyemo chumbani lazima aseme neno juu ya kila wimbo, pamoja na mwenye wimbo, ambaye anatakiwa kuukosoa wa kwake kama vile ni wa jirani. Wenzao kadhaa waliokuwa kazini siku hiyo walituma tu kadi zao, kwa hiyo hata ukitazama nyuso za waliopo hupati uhakika.

Mwalimu alichomoa kadi ya kwanza, akaitia kwenye redio ndogo. Kilikuwa kitu kuhusu mapenzi na treni.

"Treni imechelewa kuondoka," alisema Mwangwi, "na ilipoondoka imesahau abiria." Watu walicheka. Akanogewa. Wimbo wa pili aliuita uji usio na sukari. Wa tatu ulikuwa na sauti kama kabati linaburutwa kwenye sakafu, na kila mtu alijua ni ya Besi, lakini utaratibu ni utaratibu, wote wakajifanya hawajui, na Besi mwenyewe akasema taratibu kwamba mwimbaji angejaribu kunywa maji ya moto.

Kadi ya nne ilipoingia, Mwangwi alinyoosha shingo. Huo ulikuwa wake.

Hakuwa na wasiwasi wa kutambuliwa. Sauti aliipitisha kwenye programu ya kunyoosha sauti, na kwa kuwa hakujua pa kuishia, aliinyoosha mpaka hata mama yake mzazi angeiamkia kama mgeni. Alichosubiri ni sifa tu. Alikuwa ameshajipangia hata namna ya kushtuka atakapotajwa.

Wimbo ulianza. Ulianza, ukaendelea kuanza. Kinanda cha simu kililialia peke yake kwa muda wa mtu kwenda dukani akarudi. Kisha ikaja sauti, nyembamba, inang'aa kama bati jipya:

*Moyo wangu simu, wewe chaja,*
*usipokuja naonyesha nyekundu.*

Fundi Bomba aliziba mdomo kwa kiganja. Katikati ya ubeti wa pili jogoo aliwika, waziwazi, nje ya mapigo.

"Huyo jogoo ameingia mapema," alinong'ona Besi.

Wimbo ulipokwisha watu walitazamana, kama wanaochagua pa kuuma kwanza.

"Haya," alisema Mwalimu. "Fundi."

"Mwalimu, mimi nitasema la kitaalamu tu." Fundi Bomba aliweka bisibisi chini. "Ngoma za humu zinapigwa kama mgeni anayebisha hodi na anajua hatakiwi. Sauti imezibwa, huyu ndugu yetu ameimbia ndani ya tanki la maji, nadhani na mfuniko ameufunga. Halafu hiyo chaja. Mtu mzima unamwambia mpenzi wako kwamba yeye ni waya?"

Chumba kilianguka kwa kicheko. Aliyekuwa kwenye kiti cha kuoshea vichwa alicheka mpaka kiti kikamlaza.

"Besi hakuna," alisema Besi, kwa huzuni ya kweli. "Nimetafuta. Hakuna kabisa."

Mwalimu naye alisema wimbo unapanda ufunguo mwishoni bila kuwa na ngazi. "Aliyeimba amefika juu, ameangalia chini, ameogopa, na sisi sote tumemsikia akiogopa." Halafu alivua miwani, akaifuta. "Lakini kuna kitu. Ngojeni kwanza. Mwangwi, zamu yako."

Lile turubai lilikuwa limeloa zamani. Masikio yalimwaka moto. Na Fundi Bomba, Mungu amsamehe, alikuwa ameanza kupitisha macho kwenye nyuso za watu mmoja mmoja, akisema, "Mwenye wimbo huu yumo humu, nakwambieni. Atajulikana kwa kununa."

Basi Mwangwi akacheka. Akacheka kuliko wote, akajipiga paja.

"Jamani, mimi nimeingiwa na huruma," alisema. "Huyu si mwimbaji, huyu ni mgonjwa aliyekosa pa kulalamikia. Kile kinanda cha mwanzo, nilidhani redio imeharibika. Hiyo sauti ni ya mbu aliyepata mafua. Mimi ningekuwa mwenye wimbo huu, hiyo kadi ningeitafuna nikaimeza, nisiache ushahidi."

Walicheka vizuri sana. Kwa sekunde chache aliona raha hata yeye, na hapo ndipo Mwalimu alipovaa tena miwani.

"Umemaliza? Mimi nilikuwa nasema kuna kitu. Kiitikio. Sikilizeni hiki kiitikio." Akarudisha nyuma, akaupita ule uchafu wote, akapafikia:

*Umeondoka na mwavuli,*
*niachie basi hata mvua.*

Alikipiga mara moja redioni, kisha mwenyewe akakipiga kwenye kinanda, pole pole, bila ule mng'aro wa bati. Besi alichukua gitaa bila kuambiwa. Fundi Bomba aliacha kucheka, akaanza kugonga kwa vidole. Ilikuwa kama mtu amenawishwa uso ukagundua kumbe mzuri.

"Eh," alisema Fundi Bomba. "Kumbe."

"Beti tunazitupa," alisema Mwalimu. "Kinanda cha mwanzo tunakizika. Jogoo simtaki. Lakini mtu aliyeandika mistari hii miwili, huyo ndiye nataka asimame mbele Jumamosi. Kadi zilizobaki tutazisikiliza kwa heshima tu. Mwenye wimbo na ainuke."

Hakuna aliyeinuka.

Mwangwi alikuwa amekaa juu ya kasha lake kama aliyegandishwa. Kila alichokuwa anakitaka maishani kilikuwa kimesimama mbele yake kinamwita, na yeye ndiye aliyesema mbu mwenye mafua. Alijaribu kuinua kalio. Kalio likakataa.

"Atakuwa mmoja wa waliotuma," alisema Besi.

Mwalimu alitoa simu, akapiga. Wa kwanza akasema wake ni ule wa treni. Wa pili akasema wake una filimbi. Wa tatu alikuwa kwenye bodaboda, hakusikika, lakini ilieleweka kuwa anakataa.

"Basi wimbo hauna mwenyewe," alisema Mwalimu. "Mwenyewe ameona haya. Sasa Jumamosi haingoji mtu. Fundi, si unaweza kuimba huku unapiga? Utaimba wewe."

"Mimi?" Fundi Bomba alikohoa kusafisha koo, akajaribu. "*Umeondoka na mwavuliii...*" Alivuta ile 'li' kama anavuta bomba lililoziba.

Hilo Mwangwi hakuliweza. Angevumilia wimbo upotee, lakini si kuusikia ukitapikwa na mtu anayezibua vyoo.

"Subirini," alisema. "Mwenye wimbo namjua."

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Ni rafiki yangu. Ametunga yeye, akanipa mimi kadi nimtilie humu. Mtu wa haya sana."

"Na ukamwita mbu?" aliuliza Besi.

"Ndivyo utaratibu unavyotaka. Hakuna upendeleo."

"Na kadi yako wewe iko wapi?" aliuliza Fundi Bomba.

"Sikuweka. Nilimwachia rafiki nafasi."

"Una moyo," alisema Besi, na alimaanisha.

Mwalimu alimtazama juu ya miwani, kama anavyomtazama mwanafunzi aliyeleta jibu sahihi bila kuonyesha njia. "Huyo rafiki tumpate basi. Mpigie."

"Hashiki simu. Amesafiri. Lakini aliniachia wosia," alisema Mwangwi, na sasa uongo ulikuwa umeshika mteremko, yeye anaukimbilia tu. "Aliniambia, ndugu yangu, wimbo huu ukipendwa, uimbe wewe. Asiuimbe mwingine. Alisema wewe peke yako ndiye unayeielewa roho yangu."

"Ni mtu wa namna gani huyo?" aliuliza Fundi Bomba.

"Ana kipaji. Mtaratibu. Mrefu kiasi." Mwangwi alifikiri kidogo. "Sura yake nzuri, ila hajijui."

"Hebu imba tukuone kama unaielewa hiyo roho," alisema Mwalimu.

Akaimba. Safari hii bila programu, kwa sauti yake mwenyewe ya dobi, yenye mvuke kidogo wa pasi. Besi alifumba macho. Fundi Bomba alirudia kugonga kwa vidole, jambo ambalo kwake ni sawa na kupiga makofi. Mwangwi alipofika kwenye mvua aliona kabisa Jumamosi inakuja, anaona na koti atakaloazima kwenye nguo za wateja.

"Vizuri," alisema Mwalimu. "Rafiki yako ana bahati kukupata. Jumamosi utaimba wewe, na kabla hatujaanza utasimama uwaambie watu jina lake. Kazi ya mtu isipotee."

"Jina lake," alisema Mwangwi.

"Jina lake."

"Hapendi litajwe."

Pazia la maua lilisogezwa. Aliyeingia alikuwa mteja wa mke wa Besi, mama mmoja mwenye taulo mabegani, upande mmoja wa kichwa umesukwa na upande wa pili nywele zimesimama zikisubiri zamu. Alikuwa Mama Pacha, anayekaa chumba kinachopakana na cha Mwangwi. Mwangwi alimwona, akajiegemeza kwenye kiti cha kuoshea vichwa, kilichokuwa kimeachwa wazi, nacho bila ajizi kikamlaza chali.

"Samahani wanangu, nimeusikia ule wimbo nikashindwa kukaa," alisema Mama Pacha. "Watoto wangu nyumbani wanaimba huo huo kutwa. Kumbe umeshafika hadi kwenye bendi?"

"Karibu, mama," alisema Mwalimu. "Unamjua mwenye wimbo? Tunaambiwa ni rafiki wa huyu hapa. Amesafiri."

Mama Pacha alisogea hadi kwenye kiti, akainama kumtazama aliyelala.

"Rafiki gani, mwanangu?"

"Shikamoo, Mama Pacha," alisema Mwangwi akiangalia dari.

"Marahaba. Rafiki gani?" Akawageukia wengine. "Si mimi ndiye niliyekwenda kuomba kiberiti nikamkuta kajitumbukiza kabatini kiwiliwili kizima, miguu tu iko nje, simu ameivalisha soksi, anaulilia mwavuli? Nikamuuliza, baba, una nini, nimwite daktari? Akatoa kichwa, jasho linamtiririka, akanishika mkono. Akaniambia, 'Mama Pacha, itazame vizuri sura hii. Siku watu watakapobisha kwamba wimbo huu nimeutunga mimi, wewe ndiye shahidi wangu.'"

Alivuta kasha la shampuu, akakaa, akaweka taulo lake sawa.

"Haya, nimekuja," alisema. "Nani anabisha?"