Dakika Thelathini na Tano na Mama Mkwe

Aliyesema haraka haraka haina baraka hakuwahi kubadilisha ndege. Angewahi, angenyamaza.

Fundi aliwaza hayo huku akitazama saa yake kwa mara ya kumi na moja, ndege ikiwa imeshatua lakini bado inajikokota ardhini kama mtu aliyeshiba anayetafuta pa kulala. Walichelewa kuruka, wakachelewa kutua, na sasa wanachelewa kusimama. Ndege yao ya pili ilikuwa iondoke saa tisa na nusu mchana, na geti lake, kadi ilisema kwa wino usio na huruma, linafungwa saa tisa na robo. Baada ya hiyo hakuna nyingine mpaka kesho jioni.

Na kesho jioni haikuwa na faida yoyote. Mkewe alikuwa anaingia chumba cha upasuaji kesho asubuhi saa mbili, katika mji wa ugenini alikokwenda mwaka jana kufanya kazi ya uuguzi. Mtoto alikuwa amekingama tumboni, hasikii la mkunga wala la daktari.

"Kama baba yake," mkewe alisema kwenye simu. "Ukimwambia ageuke, anauliza kwa nini."

Akacheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani. "Niletee mama," akasema. "Kabla sijaingia. Nikishamwona mama, wanichane watakavyo."

Hakusema njoo. Alisema niletee mama. Fundi hakuona vibaya. Aliyetumwa kuleta mama wa mtu ni kama bahasha: hakuna anayemuuliza habari za safari, anaulizwa kilichomo ndani kiko wapi.

Kilichomo ndani kilikuwa kimekaa kiti cha dirishani, mkoba umepakatwa, mkanda umekazwa mpaka pumzi inalalamika. Mama mkwe. Umri miaka sitini na nane, mwalimu mstaafu, thelathini na minne kati ya hiyo akifundisha darasa la kwanza. Goti la kushoto bovu. Sauti ya upole, ile ya kunyamazisha watoto themanini bila kupanda hata ngazi moja.

Sasa, kuhusu hawa wawili. Walipendana, hilo lijulikane mapema. Ila walipendana kwa heshima, na heshima yao ilikuwa imezidi kipimo, kama chumvi ya mpishi mwenye mawazo. Fundi hakuthubutu kukaa kabla mama hajakaa, na mama hakukubali kukaa kabla mkwe hajakaa, kwa hiyo kila ziara ilianza kwa watu wawili kusimama sebuleni wakiyatazama makochi, mpaka mke aseme, "Jamani, viti haviumi." Akizungumza na mama mkwe, Fundi alizungumza na ukuta ulio karibu naye. Miaka minne ya ndoa, na zile kuta zilimjua vizuri.

Ndege ikasimama. Saa nane na dakika arobaini.

"Mama, tuna dakika thelathini na tano," Fundi aliliambia dirisha. Akampa mama pasi yake na kadi yake ya kupandia, azivae shingoni kwenye kipochi. "Tukishuka ni mbele tu. Geti arobaini na moja. Hata nikikwama mimi, wewe usisimame, mbele tu."

"Nimekusikia, baba. Na mimi nakwambia ninachowaambia wanafunzi wangu: ukipotea, simama hapo hapo ulipo. Anayetafuta ndiye anayetembea."

"Nimekusikia, mama."

Walikuwa wamesikizana. Balaa yenyewe ilianzia hapo.

Mlangoni palikuwa na kijana mwenye kiti cha magurudumu. Mama akakitazama kama mtu aliyeonyeshwa kaburi lake. "Hicho ni cha mgonjwa. Mimi nina goti tu." Wakatembea. Yaani mama alitembea, na Fundi, mwenye miguu mirefu kama ngazi ya kupandia darini, akatembea nyuma yake kwa hatua za bibi harusi, moyo ukikimbia peke yake mbele.

Kwenye ukaguzi mkoba wa mama ukapita mashineni, ukarudishwa, ukapita tena, ukawekwa pembeni. Mkaguzi, mwanamume mnene asiye na habari na saa ya mtu, akaufungua. Akatoa sindano mbili za kufumia, za plastiki. Akatoa kofia ya sufu iliyotosha chungwa. Akatoa soksi moja, akaiweka kwenye kidole gumba chake, ikamtosha.

"Hivi ni vya nani?"

"Vya mtu ambaye hajafika," mama akasema.

"Anafika lini?"

"Kesho saa mbili, na sisi tunachelewa."

Mkaguzi akaivua ile soksi taratibu, akaikunja vizuri kuliko ilivyokuwa imekunjwa, akafunga mkoba. "Pitieni huku, mama. Kateni kulia, pandeni treni, kituo cha tatu."

Saa nane na dakika hamsini na sita.

Treni ya uwanja ule haikuwa na dereva. Ilikuja yenyewe, ikafungua yenyewe, ikafunga yenyewe, na haikuwa na ndugu. Lakini ukitaka mtu wa kuiweza, ni Fundi. Miaka kumi na miwili alikuwa fundi wa lifti. Milango ndiyo iliyomlisha. Alijua kila mlango wa namna ile una jicho pembeni, na ukipitisha mkono mbele ya jicho, mlango unarudi wenyewe, hata kama ulikuwa na hasira namna gani. Kwa mkono wake aliwahi kurudisha milango ya benki, ya hospitali, na wa hoteli moja uliokuwa umeng'ata koti la bwana harusi.

Treni ikafunguka mbele yao.

"Tangulia, mama."

"Tangulia wewe, baba. Njia unaijua wewe."

"Siwezi kukutangulia, mama."

"Na mimi siwezi kukuacha nyuma."

"Nyuma ndipo pangu, mama, tafadhali."

"Mama na kaka," mtu akasema nyuma yao, "mkimaliza kuposana mtuambie."

Sauti kutoka darini ikatangaza kwamba milango inafungwa. Mama akaona aibu, akaingia. Na Fundi, badala ya kuingia naye, akarudi nyuma hatua moja ili apite kwa nafasi, bega lisije likagusana na bega. Hatua moja tu. Milango ikaanza kujikusanya. Mkono wa Fundi ukanyanyuka wenyewe, maana ulikuwa umesomea, ukaenda kulitafuta lile jicho, na kati ya mkono na jicho palikuwa na bega la mama mkwe.

Mkono ukasita hewani.

Mlango ukafunga.

Kupitia kioo waliangaliana usoni, labda kwa mara ya kwanza katika miaka minne. Mama alisema kitu, hakikusikika. Treni ikamchukua.

"Fundi wa lifti," Fundi alijiambia. "Fundi wa lifti, Mungu wangu."

Treni iliyofuata ilikuja baada ya dakika nne. Ndani yake akapiga hesabu. Simu ya mama haina mtandao huku. Je, mama anafanya nini akipotea? Hilo lilikuwa na jibu, tena alikuwa amepewa mwenyewe muda mfupi uliopita: anasimama hapo hapo. Kwa hiyo ameshuka kituo cha kwanza, amesimama, anangoja atafutwe. Fundi akashuka kituo cha kwanza.

Hakumwona. Alitazama kwenye viti, nyuma ya nguzo, mpaka mlangoni kwa choo cha wanawake, akaita "Mama!" kwa sauti ndogo, kisha kubwa, na akina mama sita wasiomhusu wakageuka. Treni moja ikaja ikaondoka, na nyingine.

Mwanamke wa usafi alikuwa akipiga deki sakafu pale. Fundi akamkimbilia. "Dada, hukumwona mama mmoja mtu mzima? Mkoba mweusi, kipochi shingoni, anachechemea kidogo?"

"Hapa? Tangu saa nane na nusu niko hapa, hajashuka wa hivyo."

"Lazima ameshuka. Aliniambia akipotea anasimama."

"Alikwambia yeye akipotea, au wewe ukipotea?"

Fundi akageuka kuitazama reli.

"Na wewe ulimwambia nini?"

"Nilimwambia... mbele tu. Asisimame."

Yule dada akaegemea fimbo ya deki. "Basi amekutii, kaka. Nyie mna adabu, lakini mtalala huku."

Saa tisa na dakika kumi. Treni ikaja. Fundi akaingia wa kwanza, bila kumpisha mtu, na akasimama puani kwa mlango.

Vituo viwili vilichukua karne mbili. Alipotoka, ilikuwa saa tisa na dakika kumi na nne, na geti namba ishirini na saba lilikuwa mbele yake, maana viwanja vikubwa havina haya. Akakimbia. Akapita watu waliolala juu ya masanduku yao, akapita duka la manukato, akapanda mkanda unaotembea na kukimbia juu yake mpaka akajiona kama anaruka. Thelathini na moja. Thelathini na nne. Na njiani humo aliomba dua ambayo hakuwahi kuiomba. Aliomba geti liwe limefungwa. Lifungwe kabisa, likazwe, ila mama awe ndani. Afike kwa binti yake. Yeye atalala kwenye kiti cha chuma, atasikia habari za mtoto wake kwa simu kama watu wengi tu wanavyozisikia, si neno. Mradi mama awe ndani.

Arobaini na moja. Saa tisa na dakika kumi na saba.

Mama hakuwa ndani.

Alikuwa amesimama katikati ya mlango wa geti, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule, mkoba kifuani. Mbele yake alisimama mhudumu, binti aliyebana nywele mpaka nyusi zikapanda.

"Mama, nakuomba kwa mara ya mwisho. Ingia, au toka."

"Nachagua, mwanangu."

"Umechagua kwa dakika nane! Muda umepita. Huyo unayemngoja ni nani wako?"

"Mwanangu."

"Hapa majina hayafanani hata herufi."

"Mwanangu," mama akarudia, kwa sauti ile ya watoto themanini, na binti wa watu akajikuta amesimama wima. "Hivi wewe, ulipokuwa mdogo, hukuwahi kupotea?"

"Nilipotea. Sokoni."

"Waliondoka wakakuacha?"

Binti akaitazama kompyuta yake. Hakugusa kitufe.

"Mama!" Fundi akafika, amelowa, akihema kama mbwa wa mwindaji. "Mama, ungeingia! Ungeenda! Anakungoja wewe!"

"Usinipigie kelele hadharani. Mpe dada kadi yako."

Akaitoa, ikamponyoka, akaiokota. Mashine ikalia ti. Binti akasema, "Haya, wote wawili, kabla akili yangu haijarudi." Na mama akamshika mkwewe kiganja, akakikamata kama wanavyokamatwa watoto wa kuvushwa barabara, akamvuta kwenye ule ushoroba wa kuelekea ndegeni. Goti lilimuuma, Fundi alihisi kila hatua yake kwenye mkono. Hakuuachia.

Walipokaa, mlango wa ndege ukafungwa nyuma yao, na Fundi akampelekea mkewe neno moja: *Tumepanda*. Kisha akageuka. Hakukuwa na ukuta, upande mmoja palikuwa na njia ya kupita, upande wa pili palikuwa na mama. Akamtazama mama.

"Ungekosa ndege kwa ajili yangu, mama. Yeye alisema nimletee wewe. Mimi si lazima."

Mama alikuwa akijitahidi kuingiza ulimi wa mkanda mahali pake, unakataa.

"Wewe unafikiri mimi nakwenda kule nikiwa jasiri," akasema. "Yeye ananitaka nimshike mkono. Sawa, nitamshika, nitacheka, nitamwambia si kitu. Halafu watamsukuma waingie naye ndani, mlango ufungwe. Hapo kwenye korido nitakuwa na nani, mwanangu? Niambie. Nimekaa kwenye ile treni nikawaza hilo moja tu, hapo kwenye korido nitakuwa na nani."

Fundi akauchukua ule mkanda, akaufunga. Kisha akasema, polepole, "Mimi pia naogopa, mama. Tangu jana sijala."

"Najua hujala. Nimekuona ukinipa mkate wako nyumbani ukisema umeshiba."

Ndege ikaanza kurudi nyuma. Mama akatafuta kwenye mkoba, akatoa leso, akailowesha kwa maji ya chupa, akamgeukia. Akamfuta paji la uso, akamfuta pua, akapita nyuma ya masikio, bila haraka, mbele ya abiria wote wa safu ya kumi na tisa, kama mtoto aliyetoka kucheza. Jamaa mzima wa miaka thelathini na tano, ndevu na vyeti vyake. Ng'ambo ya njia, msichana mmoja akaziba mdomo asicheke.

Fundi akafumba macho, akamgeuzia na shavu la pili.