Mkanda wa Mzee Simioni

Kabla ya kuhamishia mkanda wowote wa video kwenye flashi, Faraji huufungua kwa bisibisi, huufuta ukungu kwa pamba na spiriti, kisha huurudisha nyuma mpaka mwanzo. Mkanda wa saa mbili huhamishwa kwa saa mbili. Wateja wa Tarime wanaodhani anawazungusha tu huambiwa wakanywe chai.

Efrazia hakwenda kunywa chai. Alikaa kwenye benchi la fundi, mkoba mapajani. Mkanda wake ulipigwa mwaka tisini na saba, siku ng'ombe wa mahari ya binti yake Bhoke walipoingizwa zizini. Mwaka uliofuata mumewe, Simioni, alifariki, akazikwa kando ya mlango wa zizi hilo, kama Wakurya wanavyomzika mwenye mji, yaani mkuu wa boma. Baadaye kampuni ya dhahabu ikamwaga kifusi juu ya mji mzima, na ofisi ya fidia ikasema pale hapakuwa na kaburi. Efrazia hakutaka hela. Alitaka mumewe afukuliwe, azikwe mahali panapojulikana.

Dakika ya arobaini Simioni alitoka kwenye televisheni, fimbo mkononi. Faraji aliuona mguu ukitangulia, lakini hakusimamisha mashine. Mkanda mkuukuu ukisimamishwa katikati hukatika. Alimwamkia shikamoo, akampisha kiti, akaangalia kama sauti inaingia. Ilikuwa inaingia vizuri.

"Mama Bhoke," Simioni alisema, "yale mawe ni mazito."

Efrazia alilia kidogo, akajifuta kwa kanga. Mkanda ulipokwisha, wote watatu walikwenda ofisini, Faraji akiwa na flashi mfukoni.

Ofisa alikuwa kijana mstaarabu aitwaye Abednego. Alitazama picha, akaulinganisha mlango wa zizi na ramani yake, akakiri kwamba mji ulikuwepo na mlango ulikuwa palepale mama aliposema. Akachukua fomu. Akauliza aliyezikwa hapo ni nani.

"Ni mimi," alisema Simioni.

Abednego aliandika jina, akaliangalia, akalikata kwa mstari mmoja ulionyooka.

"Shikamoo, mzee. Nisamehe. Kaburi ni la mtu aliyemo, na wewe uko hapa. Kaburi tupu sina pa kuliandika."

Faraji alijilaumu vibaya sana. Angebonyeza kitufe tu, mzee angebaki ndani; mkanda ungekatika, naye angeuunga kwa gundi. Mikanda mingapi ameiunga. Akamkabidhi mama flashi.

Nje, Simioni alisimama barazani akiiegemea fimbo.

"Sasa nirudi wapi?"

Efrazia alimwambia amepanga chumba kimoja, kitanda ni chembamba, watabanana. Walipanda bodaboda, mzee katikati. Kule juu ya mji wao malori yalikuwa yanaendelea kumwaga mawe.