Damu ya Mdogo Wangu

…wala si kijani hafifu, hii inawaka, kila kiini cha seli kinang'aa kwenye giza la darubini, nimeizimua damu mara nne na bado inawaka, nimekagua namba kwenye kioo, ni yake, ni ya mdogo wangu, niliyemtoa damu mwenyewe juzi nikimwambia usijikunje, sindano tu hiyo… “Dada, ya mwisho imetokaje?” anauliza mwenzangu wa maabara, ngoja, namwambia, ngoja kidogo, maana kingamwili kazi yake ni kupambana na vijidudu, hizi zake zimegeuka, zinashika viini vya seli zake mwenyewe, mwili unajila wenyewe, na mimi nilisema anajidekeza, nilisema sebuleni kwa mama, shemeji akisikia, msusi gani huyu anaogopa maji baridi, mdogo wangu akaninyooshea vidole vyeupe pee, akasema, “Dada, tazama basi,” nikatazama televisheni… mimba yake ya kwanza ikatoka, nikasema si alibeba ndoo, ya pili ikatoka, sikusema kitu, ila kunyamaza kwangu alikuelewa, nywele zikamdondoka, msusi mwenye kilemba, tukacheka, naye akacheka, eti wateja wanadhani ni mtindo mpya… “Dada, chanya au hasi? Daktari yuko kwenye simu,” na ukweli, ambao sitamwambia mtu, ni kwamba nilipoweka kioo hapa niliomba iwe hasi, wala si kwa kumtakia afya, nilitaka nimpelekee karatasi nimwambie unaona, huumwi kitu… miaka kumi na tisa napima damu za watu nisiowajua, nawaamini wote, wakisema panauma naamini panauma, yule mmoja niliyembeba mgongoni ndiye nikamdai ushahidi… lenzi imeingia ukungu, au ni jicho langu, kijani inatapakaa, siinui kichwa, yuko nje pale kwenye benchi, amefumbata mikono kwapani, anasubiri nimwambie kama anaumwa, yeye aliyejua siku zote, chanya, nasema, mwambie daktari chanya, na sauti inayotoka si yangu ya kazini, nami bado nimeinamia darubini, natafuta la kuanza nalo nikifungua ule mlango, si la ugonjwa, hilo daktari atamweleza, langu ni nisamehe, na sijawahi kumwambia hivyo mtu niliyemzidi umri, sijui hata mdomo unakaaje…